Nilivyoitafuta Uganda Kwenye Mazishi ya Mama

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya kijiji kizima. (Suruali iko, asanteni kwa kuuliza. Imejaa udongo mwekundu, lakini iko.)

Leo nimemzika mama. Naanza na hilo ili msije mkasema sikuwaonya. Rambirambi tumeni baadaye. Kwanza nisikilizeni, kwa sababu nisipoyasema haya leo, kesho nitaanza kuyapamba.

Mnaonijua mnajua nafundisha jiografia Kitale. Mipaka, mito, ramani, hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Kwetu lakini ni Bungoma, kule mpakani Lwakhakha, ambako ukirusha jiwe vizuri linaangukia Uganda. Simu za huko hazina msimamo. Umekaa jikoni kwa mama unakunywa chai, simu inalia, unasoma: karibu Uganda. Hujainuka hata kwenye kigoda! Ukiongea dakika mbili, salio lote limelambwa. Na mama naye, simu yake ikiruka ng'ambo, alikuwa anakatwa pesa kwa kupokea tu. Basi nikawa simpigii sana. Nilimweleza sababu vizuri, hata nikamchorea ramani. (Ndiyo. Nilimchorea mama yangu mzazi ramani ya kwake nyumbani.)

Mama alipofariki Jumatatu hii, kamati ya mazishi iligawa kazi. Huyu mahema, yule chakula, wale kuchimba kaburi. Mimi nikapewa simu. Msiidharau hiyo kazi. Dada yangu Nafula yuko Ghuba, anafanya kazi ya nyumba, na mwajiri wake alikataa kabisa kumpa ruhusa ya kuja. Alichompa ni nusu saa. Kuanzia saa nane hadi saa nane na nusu za kwetu, Jumamosi, basi. Nafula aliniomba kitu kimoja huku analia: amwone mama kwa video kabla jeneza halijafungwa, na amuage kwa sauti, watu wakisikia. Nikamwambia, "Nafula, hiyo niachie mimi."

Alhamisi nikaingia duka la simu pale Kitale. Msichana wa kaunta ananijua.

"Niaje teacher, nikusaidie na nini?"

"Nataka bando la kusafiri."

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni wapi?"

"Bungoma."

Akaniangalia. "Bungoma si ni hapa hapa Kenya, bana?"

Nikamweleza habari ya mawimbi, mabonde na mpaka wa kikoloni. Alinisikiliza vile wanafunzi wangu hunisikiliza, yaani akiangalia mlango. Nilipomaliza akanionyesha kwenye karatasi. "Kuna ya siku moja, ni ya hapa. Kuna ya wiki, pia ya hapa. Halafu kuna hii ya msafiri, siku saba, nchi nne za jirani. Lakini ukiwa Kenya hii haifanyi kazi. Inaanza kuhesabu ukishavuka."

"Hiyo hiyo."

"Sawa. Si uchukue pia hii ya mbao, ikikataa?"

Mbao ni shilingi ishirini. Shilingi ishirini tu, wapendwa! Nikacheka kile kicheko changu cha darasani nikamwambia, "Dada, mimi nafundisha hivi vitu." Nikatumia salio langu lote kwa bando la msafiri, nikatoka nikiwa nimetunisha kifua.

Jioni hiyo, kwa Wi-Fi ya shule, nikatangaza kwenye kikundi cha familia kwamba suala la mtandao limetatuliwa kitaalamu. Binamu mmoja akaandika, "Lakini network ya nyumbani siku hizi iko fiti." Nikamjibu kwa aya nne. (Mbili zilikuwa na vichwa vya habari.) Hakujibu tena. Nikadhani nimemshinda.

Ijumaa asubuhi kabla hatujaondoka Kitale nikazima simu. Kabisa. Sikutaka chaji iishe, na sikutaka bando lianze kuhesabu mapema, mara tu simu ionje hewa ya Uganda. Tukachukua mwili mochari, tukafika nyumbani jua likizama. Miezi saba sikuwa nimekanyaga pale. Migomba imekua. Sikuangalia kingine, nilikuwa nalia, na hilo sioni aibu kulisema.

Leo sasa. Ibada imeenda vizuri. Watu wamejaa mahemani mpaka wengine wamesimama kwenye mahindi. Mshereheshaji alikuwa mzee Barasa, naibu chifu mstaafu, mtu ambaye akipewa kipaza sauti lazima umnyang'anye. Senge Robai, dada ya marehemu baba, alikaa mbele kabisa kando ya jeneza, mkoba mapajani. Fundi wa spika akaleta waya mrefu ili simu yangu iunganishwe na mashine, sauti ya Nafula isikike mpaka barabarani.

Saa nane kamili mzee Barasa akanguruma, "Sasa watu wa Mungu, tunyamaze. Binti yetu Nafula ako ng'ambo huko kwa Waarabu, lakini leo atatuongelesha kutoka huko mpaka hapa. Hiyo yote imepangwa na kijana yetu, Mwalimu Simiyu. Mwalimu, hebu wakuone!"

Nikasimama. Nikainama kidogo. (Nani huinama kwenye mazishi ya mama yake? Mimi.) Nikawasha simu, na ule mlio wa kuwaka ukapiga kwenye spika zote nne. Nikangoja karibu Uganda.

Haikuja.

Nikabonyeza video. Inaunganisha. Inaunganisha. Inaunganisha. Watoto wananitazama. Nikasema moyoni, acha video, nimpigie simu ya kawaida kwanza. Nikapiga. Na hapo, mbele ya mama yangu ndani ya jeneza, mbele ya mchungaji, mbele ya wakwe zangu, mwanamke mwenye sauti nzuri akatangaza kwenye spika zote: "Samahani, huna salio la kutosha kupiga simu hii."

Mzee Barasa akadhani ni Nafula. "Asante binti yetu, endelea," akasema.

Akarudia yule mwanamke. Kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, ili wageni wasipitwe.

Pale nyuma nikasikia mtu ameziba kicheko na leso. Saa yangu ikasema saa nane na dakika sita. Nikawaza, Uganda iko karibu, imejificha tu, nikipanda juu kidogo nitaishika. Na mahali pa juu palipokuwa karibu palikuwa pale tu. Lile rundo la udongo kando ya kaburi.

Nikapanda. Na suti. Viatu vikazama, nikapanda tena kwa magoti, simu mkono wa juu, waya ukinifuata.

"Mwalimu, waya! Waya, bana!" fundi wa spika akapiga kelele. Waya ukachomoka.

"Mwalimu," mzee Barasa akasema kwenye kipaza sauti, taratibu, vile unaongea na mtu aliyepanda mnara kujirusha, "unatafuta nini huko juu?"

Nikajibu kwa sauti ya darasani. Sikuhitaji hata spika.

"Natafuta Uganda!"

Mahema yakapasuka kwa kicheko. Watu waliokuwa wanalia walicheka huku bado wanalia. Mzee mmoja akaninyooshea fimbo kwa heshima, "Uganda iko huko chini kwa mto, mwalimu, huko unaangalia ni Kitale." Nikageuka upande aliosema, mguu ukateleza, nikashuka lile rundo kwa makalio mpaka ukingoni mwa kaburi. Wachimba kaburi wawili wakanidaka kwapani. Kwa nukta moja nilikuwa nimetanguliza miguu ndani. (Mkinitania na hii, sitakataa. Lakini si wiki hii.)

Laiti ingeishia hapo. Kuanguka mtu huinuka.

Senge Robai alikuwa ameinuka kutoka kitini. Mzee Barasa, kwa adabu, akamsogezea kipaza sauti. Hakupaswa.

"Simiyu," senge akasema, "Uganda ya nini?"

"Network, senge. Hapa simu hushika ya Uganda."

"Ilikuwa zamani hiyo. Hebu angaria huko."

Akanyoosha mkono. Wote tukageuka. Juu ya kilima cha shule, kweupe kabisa, ulikuwa umesimama mnara wa simu, ule watu wetu huita busta, umepakwa nyekundu na nyeupe, mrefu kuliko kitu chochote kwenye lokesheni yetu. Nilikuwa nimeupita jana. Nililala chini yake. Mwalimu wa jiografia!

"Hiyo busta iko hapo tangu mwezi wa nane," senge akaendelea, na kila neno likatoka kwenye spika. "Siku hizi raini zote hapa ni Kenya tu. Kwani mama yako hakukuambia? Si alikupigia siku hiyo hiyo wamewasha? Alifurahi huyo mama! Alizunguka boma zote akisema, sasa Simiyu hana shida tena, sasa atakuwa ananipigia."

Alikuwa ameniambia. Nikakumbuka pale pale, nikiwa nimeshikwa kwapani. Mwezi wa nane mama alipiga na habari ndefu ya kitu kilichojengwa kilimani, nami nilikuwa nasahihisha karatasi za Fomu Tatu. Nilisema "sawa mama" mara nne. Tangu siku hiyo nilimpigia mara moja, mara mbili hivi. Sababu niliyokuwa najipa ni mpaka.

Hakuna aliyecheka. Ningelipa wacheke. Watu wakaanza kuangalia viatu vyao, na mke wangu akaangalia vyangu.

Saa nane na dakika kumi na tisa.

Senge akafungua mkoba, akatoa simu. Kasha la bluu, kioo kimepasuka pembeni. Nikaijua. Nafula alimtumia mama hiyo simu mwaka juzi.

"Chukua hii," akasema. Safari hii aliweka kipaza sauti chini, lakini waliokaa mbele walisikia. "Iko na bando. Alikuwa ananunua ya wiki, kila Jumapili akitoka kanisa, ndio ukipiga ya video asikose. Ya mwisho bado haijaisha."

Nikaichukua. Mikono ilikuwa na udongo, nikaipaka udongo. Mtandao ulikuwa umejaa mistari yote. Nikampata Nafula, nikabonyeza video, na haikulia hata mara mbili.

Sasa fikirieni. Nafula amekaa chumba cha watu, anangoja simu yangu dakika ishirini nzima, halafu kwenye kioo chake linatokea jina: Mama.

Alipiga ukemi. Hatukuhitaji waya. Kisha akaniona mimi, nimejaa matope usoni, akauliza, "Simiyu, kwani umechimba wewe?" Nikageuza simu kwa mama.

Alipata dakika tisa. Hakuhutubia, ile hotuba aliyoandika hakuisoma. Alisema, "Mama, nimekuona. Wamekuvalisha ile leso yangu." Akarudia hivyo hivyo mpaka kukasikika mtu anamwita kwa ukali nyuma yake, na kioo kikawa cheusi. Jeneza likafungwa. Mzee Barasa, kwa mara ya kwanza maishani, alizima kipaza sauti mwenyewe.

Watu wameondoka sasa. Nimekaa jikoni kwa mama, kwenye kigoda kile kile, na naandika haya kwa simu yake, kwa bando lake, kwa sababu yangu haina salio. Hapa mtandao ni mzuri ajabu. Nimejaribu kila kona ya nyumba, mpaka chumbani kwake, unashika. Bando lake linaisha kesho, Jumapili.

Mtakaotaka kucheka chekeni, ila msinitumie vile vikaragosi vya kicheko, vinakula bando la marehemu. Langu la msafiri msiwe na wasiwasi nalo. Liko salama, siku zote saba, halijaguswa, na linafanya kazi katika nchi zote za jirani isipokuwa hii alimokuwa mama yangu akingoja simu.