Sukuma za Yeyo Hazihesabiwi

Jumatatu, 4 Agosti

Naapa kuandika kila kitu humu, yanayonipamba na yanayoniaibisha. Yanayoniaibisha sidhani yatajaza ukurasa.

Mimi ni Nasieku, Gredi ya Nane, wa pili darasani katika Kilimo. Wa kwanza ni Jentrix. Jentrix anakaa ng'ambo ya ua wetu, kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia ambapo zamani babu yangu alilisha ndama. Papa aliiuza, wao wakajenga. Sasa Jentrix ananisalimia juu ya ukuta kama mwenye nchi.

Habari kubwa: kikundi cha akina mama cha mboga kitapewa tangi la maji. Moja tu! Lita elfu tano. Litafungwa kwa mama mmoja, lijazwe na lori la maji, na shamba lake litakuwa darasa la wengine. Bi. Kalunde, afisa wa kilimo, atachagua wiki hii.

Lazima liwe la mama yangu. Papa amesema amechoka kuona punda wake akibeba maji ya kunywesha majani. Kisima kiko mbali na foleni ni ndefu. Bila tangi, Jumapili anafungua ua wa mboga na ndama wanaingia. Yeyo, yaani mama, alichukua jerikeni. Alienda kumwagilia sukuma wiki zake.

Nimeamua kumsaidia. Bado hajui.

Jumanne, 5 Agosti

Bi. Kalunde ametuma ujumbe. Atapita Ijumaa. Kabla ya hapo kila mama amtumie idadi ya mashina ya sukuma yaliyo hai. Yeyo hajui kusoma, mimi ndiye macho yake. Nikamsomea. Koko, mama yake Papa, akakataa kabla sijamaliza.

Kwa Koko, ng'ombe hahesabiwi. Anayemhesabu kwa kidole anamwitia fisi. Ng'ombe anajulikana kwa rangi, kwa pembe, kwa mama yake. Akikosekana jioni unaona pengo. Nikamweleza kwa heshima kwamba sukuma si ng'ombe. Koko akanikumbusha mwezi wa Aprili. Papa alipokuwa anakataa kutoa kipande hiki cha ardhi, Yeyo alisimama mbele ya wazee akasema mboga hizi ndizo zitakuwa ng'ombe zake. Koko alikuwepo. Basi ni ng'ombe. Hazihesabiwi.

Yeyo hakubisha. Nadhani hata yeye anaamini. Anazijua moja moja. Kuna moja yenye jani lililokunjika, anaiita Sikio.

Jentrix kwao wameshatuma. Mia mbili na kumi na mbili. Alinitajia bila kuulizwa. Akaongeza kwamba sisi ni watu wa ng'ombe, mboga tunapanda ili mbuzi wapate pa kurukia. Nikamjulisha kwamba choo chao kimechimbwa pale alipozaliwa fahali bora wa babu. Akacheka sana. Sikuona cha kuchekesha.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata njia! Mwalimu wa Hesabu alitufundisha makadirio. Huhesabu kitu kizima. Unahesabu mita moja ya mraba, kisha unazidisha. Kwa hiyo sikuhesabu sukuma za Yeyo. Nilikadiria tu. Fisi hana la kudai.

Nikachagua mita moja. Nilichagua nzuri, pale tunapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Mashina sita. Eneo lote ni mita mia moja na tisini, ukijumlisha vijia, rundo la mawe na mahali punda hulala. Sita mara mia moja na tisini. Elfu moja, mia moja na arobaini!

Nikarudia hesabu. Jibu lile lile. Nikatazama shamba. Shamba lilionekana dogo kuliko jibu. Lakini shamba halijaenda shule.

Nimetuma kwa simu ya Yeyo, kwa jina lake. Kisha nikafuta ujumbe, asije akasumbuka bure.

Jumba la mia mbili na kumi na mbili limeanguka. Nimekula vizuri leo.

Alhamisi, 7 Agosti

Bi. Kalunde amejibu. Anashukuru. Anasema idadi ni kubwa ajabu, kwa hiyo atakuja na wanachama wanne waihakikishe, mstari kwa mstari.

Kuihakikisha! Kwani mtu akipata alama nzuri anarudishwa kwenye mtihani?

Nilikaa nyuma ya zizi nikafikiri. Kitabu kinasema sukuma hupandwa pia kwa machipukizi ya pembeni. Yeyo alipokuwa kisimani na punda, nikayang'oa machipukizi kwenye mashina yote makubwa. Nikayachomeka kwenye vijia, kando ya mawe, katikati ya mawe, kila mahali. Mamia. Sikuyahesabu, kwa heshima ya Koko.

Kufikia saa kumi yote yalikuwa yamelala chali. Na yale mashina makubwa yalisimama yamenyonyoka kama kuku wa Krismasi.

Yeyo akarudi. Alitazama kwa muda. Nikamwambia ninaongeza shamba. Akaniwekea mkono kichwani, vile wakubwa hutusalimia sisi watoto, akasema nimekuwa mkulima. Kisha akayamwagilia yote, hata ya kwenye mawe. Jerikeni zote nne zikaisha. Zile mboga za upande wa chini hazikupata kitu.

Ninaandika haya kwa sababu niliapa.

Ijumaa, 8 Agosti

Walifika saa tatu. Bi. Kalunde na viatu vyake vya gambuti, karatasi, kalamu mbili. Nyuma yake akina mama wanne, mmoja wao Naliaka, mama yake Jentrix.

Koko alikuwa ameamka mapema, ameweka kigoda kwenye mlango wa ua, amekaa, amenyoosha miguu. Hapa kwetu hakuna mtu anayeruka miguu ya mkongwe. Akawakaribisha vizuri. Chai iko, maziwa iko, wanywe mpaka jioni. Kuhesabu, hapana.

Moyo wangu ukaruka! Koko ndiye alikuwa kizuizi Jumanne, leo ndiye ngao. Nikamletea shuka lingine afunike magoti, asije akasikia baridi akaondoka.

Bi. Kalunde alieleza kwa upole kwamba mboga haina roho. Koko akamwambia, mimi sijakuuliza una watoto wangapi, nawe usiniulize. Naliaka akasema hata kwao magharibi watoto hawahesabiwi, lakini sukuma yeye huzihesabu kila asubuhi kabla hajapiga mswaki. Akina mama wakacheka. Koko pia akacheka. Miguu haikusogea.

Bi. Kalunde akatoa simu, akamwonyesha Yeyo ule ujumbe. Akauliza kama nambari hii ni yake. Yeyo hakujua kama kuna nambari. Akaniuliza imeandikwa nini. Nikamsomea, sauti ikawa ndogo.

Yeyo akanitazama. Kisha akatazama shamba, na yale machipukizi yaliyolala juu ya mawe. Nimewahi kumwona akitazama hivyo wakati wa kiangazi, mbele ya ng'ombe aliyeshindwa kusimama.

"Ni yetu," akasema.

Bi. Kalunde akaomba aonyeshwe mstari mmoja tu, mmoja, aandike. Yeyo akageuka kumtazama mama mkwe wake. Koko akatazama mbele. Yeyo akaenda kuleta vikombe.

Walikunywa, wakashukuru, wakaondoka kwenda kwa akina Jentrix.

Nina matumaini. Hakuna aliyehesabu, kwa hiyo hakuna aliyethibitisha kwamba nimekosea.

Jumamosi, 9 Agosti

Limeenda kwa Naliaka.

Lori lilikuja saa nne. Tangi ni jeusi, refu kuliko ukuta. Ninaliona hapa nilipo. Hata nikifunga dirisha ninajua liko.

Jentrix alikuja mlangoni. Nilikuwa nimeandaa tusi zuri. Lakini alizungumza polepole, bila maringo, jambo lililoniudhi zaidi. Alisema Bi. Kalunde aliwaambia kwamba tangi alikuwa amelitenga kwa ajili ya Yeyo tangu Juni. Kwa sababu ya ile samadi ya zizini, na jinsi Yeyo anavyofunika udongo kwa nyasi kavu usikauke. Idadi ilikuwa ya kujaza karatasi tu. Hata angeandikiwa mia mbili. Hata angeandikiwa "nyingi". Lakini elfu moja mia moja na arobaini mahali padogo vile, labda ziwe zimepandwa ghorofa. Wakubwa wake wangeuliza. Ikabidi ahesabu, na hakuruhusiwa.

Kisha Jentrix akasema mama yake amesema tunaweza kuchota maji kwao, jerikeni mbili kwa siku.

Kwenye ardhi ya babu yangu! Jerikeni mbili!

Nikamwambia hatuna haja. Sikumuuliza Yeyo.

Jumapili, 10 Agosti

Tulitoka kanisani saa saba. Papa hakubadilisha hata viatu. Aliondoa matawi ya miiba mlangoni, upande huu, upande ule, akawapigia ndama mluzi. Hakuwa na hasira. Alifanya kama mtu anayerudisha kiti mahali pake.

Ndama walisita kidogo. Kisha wakaonja. Baada ya hapo hawakusita.

Yeyo alikuwa ameingia mbele yao na leso yake ya kujitanda, akichuma haraka haraka kile alichoweza. Nikaingia kumsaidia. Tulichuma bega kwa bega. Ndama mwekundu akamfikia Sikio kabla yetu. Yeyo akasimama akamwacha amalize.

Tulipotoka alifunga leso fundo, akakaa chini. Niliogopa atalia. Hakulia.

"Sasa zimeisha," akasema. "Zilizoisha mtu anaweza kuzihesabu. Zilikuwa ngapi, Nasieku?"

Hakuwa anaulizia ile nambari ya kwenye simu. Alitaka kujua. Tangu Aprili alikuwa amejizuia kujua.

Na mimi sikujua. Nilikuwa nimehesabu mita moja tu.

Alinisubiri. Kutoka ng'ambo ya ukuta nilisikia maji yakiingia kwenye tangi.

"Elfu moja, mia moja na arobaini," nikasema.

Yeyo akairudia kwa midomo, bila sauti. Uso wake ukalainika kidogo.

"Zilikuwa nyingi," akasema. Akainuka akaenda kukamua.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefikiri sana na nimegundua kosa langu. Ni ile sifuri ya mwisho. Nambari inayoishia na sifuri inaonekana imetungwa. Ningeandika elfu moja mia moja na arobaini na tatu, tangi lingekuwa letu. Ni hilo tu. Mengine niliyafanya sawasawa.

Na tazama, mlango mwingine umefunguka! Asubuhi Bi. Kalunde ametuma ujumbe kwa wanachama wote. Kuna banda la kuku, la mabati, moja, kwa mama atakayeonekana yuko tayari. Watume idadi ya kuku.

Yeyo ameenda kisimani. Ameenda na jerikeni moja mgongoni, bila punda. Simu ameiacha mezani. Sijataka kumsumbua, ana mambo mengi.

Tuna kuku wawili na jogoo mzee. Nimeandika hivi, na nimeshatuma:

Mheshimiwa Bi. Kalunde, shikamoo. Kuku wetu ni themanini na saba. Nyanya hataki wahesabiwe, ni mila, tafadhali tuvumilie. Nina swali moja tu, naomba unijibu leo hii kwa simu hii hii kabla mama hajarudi: kuku nao mnakuja kuwaona kwa macho, au nambari inatosha?