Hotuba ya Kuzindua Matangazo ya Onyesho Dogo la Tinde

Wewe unayesoma, nakusihi: usimwonyeshe mtu, usipige picha, usirushe kwenye grupu lolote, hata lile la kwaya. Bosi wangu, Mratibu Donatus Mageni, aliniagiza niandike hotuba yake neno kwa neno. Nakala ya ofisini ina makofi kila aya. Hii ina yaliyotokea. Mimi ni karani wa mkataba, na mkataba anausaini yeye. Chonde, isome kisha uichane.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hukufika, mheshimiwa mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye uko njiani, mheshimiwa dereva wa mwakilishi, uliyetangulia na gari lake, viongozi wa dini zote, na msio na dini lakini mna heshima, wazee wetu wa ngoma, akina mama wa viazi, akina baba wa ng'ombe, ndugu wachimbaji kutoka Rwamgasa mlioshuka kwenye basi kuchimba dawa mkanikuta nimeshika kipaza sauti, itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa itazingatiwa baadaye. Mwangaluka!

(Mzee mmoja wa mbele: "Sema mwadila, baba, jua linazama. Mwangaluka tulikusubiria nayo hapahapa asubuhi.")

Napokea marekebisho hayo kama mchango wa wadau. Ndugu wananchi, Mpango wa Kuinua Muziki wa Jukwaani, ambao mimi ndiye mratibu wake, mwasisi wake na, kwa unyenyekevu mkubwa, sura yake, umekuja na mkakati shirikishi, jumuishi na fungamanishi wa kufanya promosheni ya onyesho dogo la muziki kwa bajeti finyu. Finyu, narudia, kwa sababu bajeti nene kila mtu anaiweza! Kwa bajeti hiyo tulianza na semina elekezi kule Mwanza, hotelini, ambako wataalamu walitufundisha namna ya kubandika bango ukutani. Tukafanya semina ya pili ya kutathmini semina ya kwanza. Na kilichobaki ndicho kimezaa bango hili mnaloliona nyuma yangu.

(Watu wanalitazama. Lina uso wa mheshimiwa Mratibu, tabasamu la mheshimiwa na jina la mheshimiwa. Dereva wa bodaboda: "Sasa siku ya onyesho imeandikwa wapi?" Mwenzake: "Nyuma ya sikio lake." Kicheko.)

Swali zuri sana. Tarehe tumeiondoa kwa makusudi ili bango lisipitwe na wakati. Kitaalamu huo ndio uendelevu.

(Binti mwenye gitaa mgongoni anakuja mbele na kupiga goti kidogo. Ni Scolastika, mwimbaji wa bendi ya watu wanne wa hapahapa Tinde. "Shikamoo, baba. Sisi ndiyo bendi. Tunapiga saa ngapi?")

Marahaba, binti yangu! Makofi kwa binti! Ninyi ni wanufaika wa awamu ya tatu, na leo tuko kwenye maandalizi ya kuelekea awamu ya kwanza.

("Baba, Mama Eunice wa nyama choma pale ng'ambo amesema leo akikosa watu, Jumamosi zetu zote anampa dijei. Matangazo hatuna uwezo nayo. Tulikuwa tunakutegemea wewe. Waambie tu hawa watu tuko pale.")

Nimekusikia, nimeguswa, na nitalifikisha panapohusika, ambapo ni kwangu. Lakini kutangaza onyesho katikati ya hotuba ya kuzindua matangazo ni kuruka hatua za utekelezaji. Kaa, mwanangu. Utafiti wetu unaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya vijana wa mkoa huu wana masikio, na asilimia mia moja na kumi kati yao wanapenda muziki. Takwimu hizo nimezikusanya mwenyewe nikiwa ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa.

(Scolastika hakai. Anavuka barabara.)

Na msinione nimevaa suti mkadhani nimesahau mambo ya kwetu! Mimi ni Msukuma wa kuzaliwa. Nimekulia kwenye mashindano ya ngoma, makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, yanatazamana, kila mtu anakwenda anakovutiwa, na mwenye watu wengi ndiye mshindi, hakuna rufaa. Basi natamka mbele yenu, na mbele ya karani wangu anayeandika: nipimeni kwa kipimo hicho! Atokee mwingine apige, tuone watu watakuwa kwa nani!

(Kutoka ng'ambo, gitaa linaitika. Kisha ngoma. Yule mzee wa mbele anasimama na kukung'uta suruali: "Amesema mwenyewe." Anavuka.)

Mzee anakwenda kujisaidia, tumruhusu. Ninachosisitiza ni kwamba brandi ya Tinde, ikiunganishwa na fursa za ukanda wa dhahabu...

(Akina mama wa viazi wanajitwika masinia na kuvuka. Mchimbaji mmoja kwa wenzake: "Huku ni mawe matupu, jamani. Dhahabu iko kule." Wanavuka.)

...naona wadau wa sekta ya viazi na madini wanahama kwa utulivu, bila kusukumana, na hayo ndiyo matunda ya semina! Idadi ya mahudhurio imeshuka kidogo, lakini ubora wa mahudhurio umepanda, maana waliobaki wanasikiliza kwa...

(Sauti inakatika. "Nasibu! Fundi! Spika imekuwaje?" Nasibu yuko katikati ya barabara, spika begani: "Inahama, mheshimiwa! Kipimo ni kipimo!")

Nitatumia koo langu. Muziki oyee!

(Ng'ambo: "Oyeee!" Wanamjibu Scolastika.)

Bajeti finyu, matokeo mapana! Mratibu mmoja, bango moja, mwelekeo mmoja! Kwa kumalizia, nawashukuru wafadhili, kamati na viti vyote vilivyohudhuria, kwa kuuamini Mpango huu ambao, tukiambizana kama watu wa nyumba moja, haujawahi kuwa na onyesho, ukumbi, wala mwanamuziki hata mmoja, ila bango, nalo naomba lishushwe taratibu, lina uso wangu. Wabeja sana! Karani, andika kwamba wananchi wote walisimama na kushangilia."

(Wote wamesimama. Wanashangilia. Mama Eunice amepanda juu ya kreti la soda, anapaza sauti: "Yule dijei mwambieni abaki kwao!")

Ukinihitaji, usije ofisini, na usipige simu, kwa sababu nikiwa nje anaipokea bosi. Njoo Tinde siku ya Jumamosi. Ingia kwa Mama Eunice kwa mlango wa jikoni, mwambie unamtafuta mtu wa kayamba. Hatakutajia jina langu, atanyoosha koleo la nyama kuelekea jukwaani. Tafadhali subiri wimbo uishe.