Ombi la Kufungwa Angalau Mechi Mbili

Kaltenbeck, 28 Aprili

Kwa Mwenyekiti, Klabu ya SV Kaltenbeck 08

Bwana Mwenyekiti Ohlendorf mheshimiwa,

Mimi ni Gerd Wittkopp, mwanachama namba 412, fundi mstaafu wa tramu. Nasimama jukwaa la F, ngazi ya saba, tangu zama ambazo wewe, kwa heshima zote, ulikuwa bado unafungwa kamba za viatu na mama yako. Sijawahi kulalamika kwa maandishi. Kwa mdomo nimelalamika kila Jumamosi, lakini hiyo ni haki ya kila mwenye tiketi ya msimu.

Leo nimeshika kalamu kwa sababu mambo yamezidi. Tunashinda.

1. Tumeshinda mechi tisa mfululizo. Ya kwanza niliisamehe, kuteleza si kuanguka. Ya pili nilimsingizia refa. Ya tatu wapinzani walikuwa na mafua, nasikia. Baada ya hapo nimeishiwa visingizio. Sasa tuko nafasi ya tatu, mechi tatu zimebaki, na nafasi ya tatu maana yake ni mchujo na timu ya daraja la kwanza, na tukiishinda tunapanda. Bwana Mwenyekiti, klabu hii imekaa daraja la pili miaka kumi na tisa bila kupanda wala kushuka. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nani aliwatuma kutafuta zimwi jipya?

2. Wageni. Wamefurika na skafu mpya ambazo hazijawahi kunyeshewa. Wasemao mgeni njoo mwenyeji apone hawajawahi kupanga foleni ya soseji wakati wa mapumziko. Nilisimama dakika ishirini na tatu, goli likafungwa, na kijana mbele yangu akanikumbatia. Simjui! Akaniuliza, "Mzee, mbona hufurahi?" Nikamjibu, "Nafurahi. Ndivyo ninavyoonekana." Akacheka. Halafu akaniomba nisogee kidogo ajipige picha na uwanja, kwa kuwa nilikuwa naharibu mandhari. Mandhari ni mimi, Bwana Mwenyekiti. Nipo pale miaka arobaini na moja.

3. Hili ndilo kubwa, na ningeomba ulisome ukiwa umekaa.

Lothar Pagel ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu Roswitha. Tunasimama bega kwa bega kwenye ngazi ya saba. Lothar ni mnung'unikaji wa kipaji. Dakika ya pili tu huwa ameshaanza: "Mtazame huyo beki! Bibi yangu aligeuka upesi kuliko yeye, na bibi alikuwa na mguu mmoja!" Mimi namjibu kwamba tatizo si beki, tatizo ni kipa, amesimama pale kama anangoja tramu. Yeye anasema mimi sijui mpira. Mimi nasema yeye hajui hata kufunga zipu. Hivyo hivyo mpaka filimbi ya mwisho, kisha Jumapili tunaendelea mezani kwetu baani, kona ya dirishani.

Unajua watu wa Kaltenbeck tulivyo. Kwetu sifa iliyo juu kuliko zote ni kusema "hakuna cha kulalamikia." Roswitha alinipikia miaka thelathini na nane, na hilo ndilo neno tamu kabisa alilopata kulisikia kinywani mwangu. Alilielewa. Mimi na Lothar hata hilo hatujawahi kuambiana.

Tulipomzika Roswitha, mwaka juzi mwezi wa Februari, watu walinipa pole nyingi nzuri zilizopangwa vizuri. Nimezisahau zote. Lothar alikuja mwisho, akanishika mkono, akatazama viatu vyake, akasema, "Jumamosi tuna wale wa bandarini. Watatupiga tatu." Nikamwambia, "Nne. Umeona ukuta wetu kona zikipigwa?" Tukasimama pale kaburini tukibishana kuhusu ukuta wa kona, na ndiyo mara ya kwanza wiki ile niliyoweza kuvuta pumzi. Kwa hiyo naomba nieleweke: kufungwa kwa timu yako si mchezo kwangu. Ndiyo lugha pekee tuliyo nayo, mimi na ndugu pekee niliyebakiwa naye.

Sasa ona ulichofanya. Tuliposhinda mechi ya nne, Lothar alifungua mdomo dakika ya pili, akaufunga. Kipindi cha pili alisema, "Vizuri." Basi. Jumapili akakaa anaitazama bia yake. Nikajaribu kumchokoza kuhusu kipa, akasema, "Kipa hana baya." Nilitamani kulia. Jumapili iliyofuata alizungumzia hali ya hewa. Jumapili tatu zilizopita hakuja kabisa. Nilipompigia simu akadai ni goti. Goti! Mtu aliyesimama kwenye mvua ya mawe tukifungwa sita na hakuondoka hata kwenda msalani!

4. Kocha wenu anatabasamu. Sina la kuongeza.

5. Nimeisoma katiba ya klabu. Ibara ya pili, iliyoandikwa mwaka 1908 na haijabadilishwa, inasema lengo letu ni "afya ya mwili na umoja wa wanachama." Neno ushindi halimo. Nimelitafuta mara tatu, mara ya tatu kwa miwani. Umoja wa wanachama wawili, namba 412 na namba 413, umevunjika kwa sababu ya ushindi. Kwa hiyo kila goli mnalofunga ni ukiukaji wa katiba, na mfungaji anastahili onyo la maandishi.

Ninaomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Timu ifungwe angalau mechi mbili kati ya tatu zilizobaki, kwa adabu, na moja kati ya hizo iwe kwa goli la kujifunga dakika ya themanini na tisa, kwa kuwa hilo peke yake huwa linatutosha wiki mbili. Yule beki wa kushoto mliyemuuza kiangazi arudishwe. Kocha apewe likizo. Nisipopata jibu, nitawasilisha hoja kwenye mkutano mkuu wa wanachama, kwa nakala tatu, ndani ya muda uliowekwa, nayo itapigiwa kura kwa kunyoosha mikono kama nyingine zote. Mwaka jana hoja ya kubadilisha haradali ilipita, hivyo usinidharau.

Msalimie mkeo na wajumbe wa kamati, hata mweka hazina. Msalimie mtunza nyasi, mwambie lango la kaskazini bado lina upara. Na mama wa soseji, mwambie kosa si lake.

Ni mimi, mtiifu kwenu katika nafasi ya kumi na moja, ambayo ndiyo stahili yetu,

Gerd Wittkopp

N.B. Barua nilikuwa nimeshaitia bahasha na kuibandika stempu, na stempu haitupwi, kwa hiyo nimeifungua tena na kuongezea hapa nyuma ya karatasi. Jumapili hii adhuhuri kengele ililia. Lothar, bila dalili yoyote ya goti, mkononi karatasi ya msimamo wa ligi. Hakunisalimu. "Shemeji, we umefikiria lakini? Tukipanda, tutapigwa kila wiki! Mechi thelathini na nne! Na beki zetu zile? Watatuchana kama karatasi!" Macho yanamng'aa. Nikamwambia asijipe moyo, kuna hatari tukatoka sare mbili tatu. Akasema sijui mpira. Tumegombana kuhusu kipa mpaka viazi vikapoa, tukavila hivyo hivyo, na alipokuwa anavaa koti alisema, "Roswitha angetucheka." Ndiyo mara ya kwanza amelitaja jina lake tangu tumzike.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, yote ya juu yafute. Shindeni zote tatu, na mchujo pia, nakusihi. Tuwekee nafasi mbili za kusimama, moja kando ya nyingine. Na mkishapanda, tafadhali sana, msisajili mtu yeyote anayejua mpira.