Kompyuta Iliyoachwa Amana

Stanislaus alikuwa na kompyuta iliyokufa na suti moja iliyo hai, na katika Ifakara ya mwaka 1998 mtu mwenye vitu hivyo viwili aliweza kuitwa mtaalamu kabla ya chakula cha mchana.

Kompyuta aliipata Dar es Salaam, kwenye ofisi ya mizigo alikokuwa tarishi kwa miaka minne. Siku moja ilizimika, ikagoma kuwaka. Bosi akasema itupwe, naye Stanislaus akaenda kuitupa nyumbani kwake. Alibeba pia disketi saba za karani wa pale, bwana mmoja ambaye kila kazi zikiisha alibaki kwenye kiti chake akivua vitu vya bure kwenye intaneti: programu ndogo ya kutengeneza kadi za sikukuu, nyingine ya kuchora ukoo mpaka kwa babu wa babu, nyingine ya kufundisha kukunja karatasi hadi iwe ndege, na moja iliyochukua picha yoyote na kuigeuza kuwa vijisalaba vya kufuata kwa sindano. Karani alihamishwa, disketi zikabaki kwenye droo. Stanislaus hakuwahi kujua ndani mna nini. Kwake zilikuwa pambo la kazi, kama kalamu tatu kwenye mfuko wa shati la mtu asiyeandika.

Siku ya kisa hiki alikuwa njiani kwenda Malinyi kwa dada yake, kula kwa muda usiojulikana. Pale Kivukoni, ukingoni mwa mto, pantoni lilikuwa ng'ambo na halikuonyesha haraka yoyote, basi akatembeza macho. Akaona kamba imefungwa kati ya miti miwili, na juu ya kamba vitambaa vya meza vimedariziwa: kiboko akipiga miayo, kanga na vifaranga vyake, mayungiyungi yaliyochanua mpaka ukahisi unyevu.

Alimjua Jihan, mwenye duka la zawadi kule Dar, ambaye hununua kitu chochote chenye mnyama ndani yake na kumuuzia mzungu. Stanislaus alivihesabu vitambaa kwa jicho, akapiga hesabu nyingine kichwani, akashusha kompyuta yake kutoka kwenye gari. Malinyi ingesubiri.

"Shikamoo, mama," alimwambia mwanamke aliyekaa chini ya kamba.

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta kitambaa?"

"Nawatafuta wenyewe wanaovitengeneza. Nimetumwa na intaneti."

Mwanamke yule ndiye Balbina, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama sita wa kudarizi. Alimtazama juu mpaka chini, akatulia kidogo kwenye viatu, akasema, "Basi karibu nyumbani. Mtu aliyetumwa mbali hivyo hawezi kuongea amesimama."

Kesho yake uani kwa Balbina kompyuta ilikaa mezani kama bibi harusi, imefunikwa kanga, disketi saba pembeni yake. Akina mama sita walikaa mkekani. Careen, binti wa Balbina, mpiga taipu katika ofisi moja ya pembejeo, alisimama mlangoni na mikono kifuani.

"Mama zangu," Stanislaus alianza, "mnaijua intaneti?"

"Careen huisema," alijibu Balbina. "Ni simu inayoandika."

"Hapo umegusa ganda tu. Intaneti ni gulio. Gulio lisilofungwa, lisilonyeshewa, na mgambo wake bado hajazaliwa. Mtu yuko Norway, baridi imemfungia ndani, anataka kitambaa cha meza. Anabonyeza. Nani anatokea mbele yake? Mama Balbina wa Ifakara."

"Mimi mzima?" aliuliza Balbina.

"Kitambaa chako. Wewe unabaki hapa unakunywa chai."

"Na wezi je?" Huyu alikuwa Eveline, ambaye ulimi wake ulichongwa siku moja na sindano zake.

"Dada yangu, kule kila mlango una neno la siri."

"Hata huku milango ina makufuli," alisema Eveline.

Wakacheka. Stanislaus akacheka nao, tena kuliko wao, kwa sababu tapeli anayejiheshimu hacheki kidogo. Kisha akaeleza mpango. Vitambaa arobaini vingekwenda Dar, huko kuna mtambo unaolamba kitambaa kwa mwanga na kuchukua sura yake. Vikishalambwa, sura inapanda intaneti, vitambaa vyenyewe vinarudi Ifakara baada ya wiki mbili, havijapungua hata uzi.

"Kwa nini hii isilambe hapa hapa?" Careen aliuliza akiionyesha ile ya mezani.

"Hii ni ya kuongea, dada. Ya kulamba ni nyingine. Hii yenyewe sasa imepumzika. Imesafiri sana."

Vitambaa arobaini ni miezi saba ya macho ya wanawake sita. Ada za watoto zilikuwa mle, na bati za Eveline, na kitanda cha Balbina ambacho mguu mmoja ulikuwa tofali. Kila mmoja pale alijua kwamba mgeni akiondoka navyo asirudi, mwaka umeondoka navyo. Lakini pia Norway ni Norway, na hakuna aliyetaka kuwa yule aliyemfukuza mtu aliyetumwa na intaneti.

Balbina akaingia ndani, akatoka na vitambaa vitatu vya mfano na bakuli la maji. Akaviweka vyote mbele ya mgeni, akakaa, akasubiri.

Hapa inabidi nieleze desturi. Katika bonde lile hakuna anayechukua kitambaa cha kudarizi bila kulowesha pembe yake na kuiminya kwa vidole. Uzi mzuri hutulia. Uzi mbaya huchuja rangi, na kitambaa kilichochuja hata mbuzi hukionea huruma. Mnunuzi hulowesha, mfanyabiashara wa Mchombe hulowesha, mchumba anayepewa zawadi hulowesha kwa siri akifika kwao. Ndiyo maana ya bakuli, na hakuna anayelielezea kwa sababu hakuna asiyelijua.

Stanislaus alilitazama bakuli. Akatabasamu kwa kuthamini heshima ile. Akakunja mikono ya koti, akanawa vidole kimoja kimoja, akavikausha kwa kitambaa cha kiboko.

Kisha Balbina akasema kwa upole, "Mwanangu, utakuwa na njaa. Eveline, mpeleke kwako ukampe wali na kambale. Sisi tutamfungia mzigo."

Walipotokomea, Balbina aligeukia wenzake. "Mnamwona? Mtu anayekwenda kuuza kwa ajili yetu anataka kujua kama kinachuja, maana lawama itamrudia. Huyu hana habari. Huyu hategemei kulaumiwa na mtu."

"Tumfukuze," alisema mmoja.

"Akafanye hivyo hivyo Mchombe? Hapana. Ana hamu ya vitambaa, apewe vitambaa. Careen, vuta lile sanduku."

Chini ya kitanda, upande wa tofali, kulikuwa na sanduku ambalo kikundi hakikupenda kulizungumzia. Pasaka ya mwaka juzi walinunua kwa mchuuzi mmoja mpita njia nyuzi nyekundu kwa bei ya kuokota. Wakadarizi vitambaa arobaini na tatu, wanyama katikati ya maua kama nyanya zilizoiva, kabla ya kulowesha pembe ya kwanza. Tangu siku hiyo vilikuwa vikavu na vizuri na havina mnunuzi kutoka Ifakara hadi Mlimba. Walihesabu arobaini, wakafunga kwenye shuka, wakashona mdomo wa furushi.

Stanislaus alirudi ameshiba, akalipapasa furushi, akafungua mshono kwa kidole kuchungulia. Wekundu ulimmeremetea.

"Hivi ni vizuri kuliko vile," alisema.

"Vile vilikuwa vya mfano," alisema Balbina. "Sasa, mwanangu, kwetu kitu kikitoka nyumbani, kingine hubaki amana mpaka kirudi. Utatuachia hii mashine yako na hivyo vibati vyake saba."

Stanislaus akashtuka. Alishtuka kwa ufundi mkubwa, akashika kifua, akaita kompyuta ile jembe lake, mke wake, jicho lake la kulia. Akaomba aache koti. Akakataliwa. Mwishowe akaikubali hasara hiyo kama mtu mzima, akaupigapiga mfuniko mara mbili kumuaga marehemu. Moyoni alikuwa akiimba: ameachia maiti, amechukua mali. Jioni hiyo treni ilimkuta stesheni na furushi mapajani, akimweleza abiria wa pembeni habari za Norway.

Jihan alivipenda. Alivitandaza dukani, akaviita lulu, akataja bei ambayo Stanislaus aliipokea kwa kutikisa kichwa polepole ili asionekane anaipenda mno.

"Subiri nipige pasi kimoja nikiangike," alisema Jihan. "Vimekunjamana njiani."

Akachota maji kwa vidole, akanyunyizia, akashusha pasi.

Kanga na vifaranga vyake walikuwa wamekaa katikati ya maua mekundu. Pasi ilipopita, maua yalitoka mahali pake. Yalitembea. Yalimfikia kanga, yakawafikia vifaranga, na lile pambo la ufugaji bora likawa machinjio.

Jihan akaweka pasi wima. Akanyunyizia cha pili. Akanyunyizia cha tatu, huyu alikuwa twiga, akaonekana kama aliyegongwa na lori.

"Kaka," alisema, "unataka niwauzie wageni hivi, wakavifue hotelini?"

"Labda pasi yako ni kali, dada."

"Toka nayo mizoga yako."

Stanislaus alizunguka mji wiki mbili na nusu. Kila mwenye duka alikuwa na pasi. Suti ikaingia doa la waridi begani, pale alipobebea furushi siku ya manyunyu, na doa lile likamfuata kila alikobisha hodi. Ndipo akafanya jambo ambalo, kwa kadiri ninavyojua, halijafanywa na mwizi mwingine: alikata tiketi ya kwenda tu kwa nauli yake ya mwisho, akarudi Ifakara kulalamika kwamba mali aliyoiba haina ubora.

Uani kwa Balbina hakuna aliyegeuka alipopiga hodi. Akina mama sita walikuwa mkekani, fremu mapajani, nyuso zimeelekea mezani. Na mezani kompyuta ilikuwa inawaka.

Ndani ya kioo, tausi wa vijisalaba alikuwa amefungua mkia. Careen alisimama kando na rula, akionyesha mstari. "Kijani vinne, acha viwili, bluu sita." Sindano sita zikazama pamoja.

"Imewakaje?" aliuliza Stanislaus.

"Karibu, mwanangu," alisema Balbina. "Ilikuwa fyuzi ya plagi. Adolf fundi redio aliibadilisha amesimama, wala hakuomba kiti."

"Na vile vibati ni hazina," alisema Careen. "Kimoja tu kinatupa michoro mia na ishirini, na ukikipa picha yako kinakutengenezea mwingine. Padri keshaagiza vitambaa vya altare. Maharusi wawili wanataka sura zao kwenye mito."

Stanislaus akavaa ile sauti yake ya Dar. "Nimefurahi. Nimekuja kuchukua amana yangu."

"Chukua tu. Vitambaa vyetu viko wapi?"

Akafungua furushi. Twiga aliyegongwa akawa juu.

Balbina akaminya pembe ya kitambaa kwa vidole. "Vimelowa," alisema.

"Vimechuja, mama. Mlinipa vitambaa vinavyochuja."

"Kwani ulivifua?"

"Sikufua. Vilipigwa pasi, yule mwenye duka alinyunyiza..."

"Mwenye duka gani?" aliuliza Eveline bila kuinua macho. "Si vililambwa kwa mwanga?"

Stanislaus alifungua mdomo. Kwa miaka mingi mdomo ule ulikuwa ukifunguka na maneno yakajitokeza yenyewe, yamevaa, yamechana nywele. Safari hii halikutoka hata moja.

"Labda Norway kulinyesha," alisema Eveline.

Walicheka mpaka mmoja akajichoma sindano. Stanislaus hakucheka nao. Akaona njia moja imebaki: utaalamu. Akasogea mezani, akasema mashine ile ni hatari mikononi mwa watu wasioisomea, ngoja awaonyeshe inavyotunzwa, na kwa mara ya kwanza maishani akabonyeza kitufe cha kompyuta yake.

Kioo kikawa cheusi.

"Mstari wa sitini na tatu," alisema mama mmoja kwa huzuni. "Tulikuwa mstari wa sitini na tatu."

Careen akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe kilekile cha kioo, tausi akarudi.

Balbina akajisogeza, akapapasa mkeka pembeni yake. "Kaa. Nauli ya kurudi unayo?"

"Sina, mama."

"Nilidhani hivyo. Hivi vitambaa nguo yake bado nzima. Nyuzi zikifumuliwa, tukiviloweka vizuri, vitarudi vyeupe. Fumua vyote arobaini, kula utakula hapa, ukimaliza nitakukatia tiketi. Mashine inabaki. Koti livue, litakuzuia kiwiko."

Akavua koti. Akapewa sindano nene na twiga wa kuanzia.

Siku ya tatu, kwenye kitambaa cha kumi na moja, alikuwa ameanza kupata mwendo. Akamwinamia Eveline, akashusha sauti. "Dada, kule Ujapani kuna mtambo unafumua nyuzi wenyewe. Wewe unauwekea tu kitambaa. Mimi namjua wakala wake. Kama kikundi kingetoa kianzio kidogo tu..."

Eveline alikata uzi kwa meno. "Umeruka jani moja hapo," alisema, "chini ya shingo ya huyo kanga."

Stanislaus akatazama. Ni kweli, alikuwa ameliruka.