Kifurushi cha Mwanafunzi Mwenye Mvi

Jumapili, tarehe 2 Machi

Aibu. Naomba radhi kwa kufungua daftari jipya na neno hilo, lakini leo sina jingine.

Kama kila Jumapili, nilikwenda kwa jirani ili nizungumze kwa video na binti yangu, aliye ng'ambo kikazi. Nyumbani kwangu hakuna intaneti. Jirani anayo. Ni mkaguzi wa mizani mstaafu, na mtaa mzima unamwita Mzee Spidi, kwa sababu kila akutanapo na mtu humtajia kwanza kasi ya waifai yake, kisha ndipo humjulia hali. Ni mkarimu, sikatai. Huniketisha kwenye kochi lake, naye huketi papo hapo, na uso wake huchukua robo tatu ya kioo cha simu. Mimi hubakiwa na sehemu ya kutosha sikio.

Mjukuu wangu anatimiza miaka miwili Jumapili ijayo. Leo ametamka neno jipya. Binti yangu, kwa furaha, akamsogeza karibu na kumwomba alirudie. Mtoto akanyoosha kidole, akasema waziwazi: "Babu!"

Kidole kilimwelekea Mzee Spidi.

Mzee Spidi akasema watoto wa siku hizi wana macho. Binti yangu, kwa haya, akamwuliza mtoto yule mwingine ni nani. Mtoto akalitazama sikio langu, akafikiri, akasema: "Baibai."

Nimeazimia. Jumapili ijayo nitakuwa na intaneti yangu, chini ya bati langu, na uso wangu mzima. Nilikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na minne. Hapana fomu iliyowahi kunishinda.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nilikwenda kibandani kwa mama muuza vocha, nikamweleza haja yangu kwa kirefu. Akasema nianze na kifurushi, akabofya simu yake mara tatu, akaniambia kifurushi changu kinakuja sasa hivi. Nikamshukuru, nikaharakisha nyumbani kukipokea.

Niliondoa cherehani ya marehemu mke wangu mezani ili kipate nafasi. Nilipima mlango kwa kamba, endapo kingekuwa kipana. Nilivaa tai. Nikaketi barazani.

Saa tano, hapana kitu. Saa saba akapita tarishi na baiskeli. Nikamsimamisha, nikamwomba radhi kwa usumbufu. Akapekua mkoba wake wote, maskini, akasema hana kifurushi cha mtu yeyote wa mtaa huu.

Saa kumi nilirudi kibandani kulalamika, kwa upole. Mama akainyakua simu yangu. Akasema kilishaingia tangu asubuhi, si hiki hapa! Nikamwuliza kiliingia kwa mlango upi, maana nilikuwa nimeketi mlangoni. Dereva wa lori aliyekuwa akinunua sabuni ilibidi ashikwe mkono asianguke kwa kicheko.

Kumbe kifurushi si furushi. Hakina kamba, hakina karatasi, hakina uzito. Ni ujumbe wa kukuarifu kwamba unacho. Changu kilikuwa cha muda wa saa sita tu, nami nilikimalizia barazani, nimevaa tai.

Mama akanihurumia. Akasema video inakula vifurushi kama moto unavyokula makuti, baba yangu, nenda kampuni ukafungiwe intaneti ya nyumbani. Nitakwenda.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Ofisi ya kampuni ina baridi kama kaburi na viti vya rangi ya chungwa. Nilisoma bei ya intaneti ya nyumbani ukutani. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Miwani haikuwa na kosa.

Lakini kando yake palikuwa na tangazo jingine, lenye picha ya kijana anayecheka bila sababu: MWANAFUNZI? LIPA NUSU!

Nilimwuliza binti wa dirisha namba tatu, kwa adabu zote, kama punguzo hilo lina ukomo wa umri. Akasema hapana mzee, mradi kitambulisho cha mwanafunzi, hata uwe na miaka mia. Sina miaka mia. Nina sabini na minne. Nilitoka pale nikitembea kama mtu mwenye ishirini na sita ya akiba.

Hadi saa tisa nilikuwa nimepata chuo kinachopokea wanafunzi siku yoyote na kutoa kitambulisho papo hapo. Kipo ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi. Ni Chuo cha Ususi na Urembo.

Mkuu wa chuo, mama mwenye kucha ndefu za zambarau, aliniuliza mjukuu niliyemleta yuko wapi. Nikaomba radhi, nikasema nimejileta mwenyewe. Akaniuliza kama nina wito wa kazi hii. Wamisionari walionisomesha hawakunilea kusema uongo. Nikajibu kwamba ninao wito mzito, tena umepangiwa siku ya Jumapili. Akaguswa sana.

Nimepigwa picha. Nimepewa kadi. Mwanafunzi, Mwaka wa Kwanza. Marehemu mke wangu angecheka hadi khanga imwanguke.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nilidhani kadi itatosha. Mkuu amesema asiyehudhuria darasa hunyang'anywa. Basi nimehudhuria.

Tuko kumi na watano: mabinti kumi na wanne, na mimi. Kila mmoja hupewa kichwa cha plastiki chenye nywele. Changu kina jicho moja lililofutika na hunitazama kama askofu. Mabinti ni wema. Babu, shika chanuo hivi. Babu, usikipigie magoti, ni kichwa tu. Jambo la ajabu ni kwamba watu kumi na wanne wasionijua wamenijua kuwa ni babu kwa dakika moja, bila kufundishwa.

Wakati wa kuondoka, mwalimu akapiga makofi na kutangaza: kesho, jamani, twende kilioni, saa mbili kamili, msije mkachelewa.

Nilishtuka. Hapana aliyelia. Nikamnong'oneza binti wa karibu yangu kumwuliza ni nani. Akanijibu huku akitafuna ubani: aa, Babu, hiyo usiogope, kila mtu anaanzia hapo.

Maneno mazito kwa umri wake. Nimenyoosha suti nyeusi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nilifika saa mbili kasoro robo. Suti nyeusi, tai nyeusi, bahasha ya rambirambi, na hotuba fupi ya kurasa mbili niliyoiandika kwa niaba ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Wenzangu walikuwa na fulana na machanuo. Nikasema moyoni, hawa watoto hawana hata staha. Nikamwendea mwalimu, nikamshika mkono kwa mikono yote miwili, nikamwambia apokee pole zetu na ajikaze. Akapokea. Akaitazama bahasha. Akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyekufa.

Twende kilioni ni mtindo wa nywele.

Ni ule msuko rahisi, mistari iliyonyooka kutoka usoni kwenda kisogoni, ambao mwanamke husukwa haraka akiwa hana muda wa kujiremba. Marehemu mke wangu alisukwa hivyo miaka arobaini mbele ya macho yangu. Sikuwahi kumwuliza unaitwaje. Nalijutia hilo kwa dhati.

Mabinti walilala juu ya meza kwa kicheko. Mmoja aliomba hotuba isomwe hivyo hivyo, isipotee bure. Nikaisoma. Wakapiga makofi.

Lakini niungame jambo jingine. Nilipopewa kichwa changu, nikasuka mistari minane, yote imenyooka kama madaftari niliyokuwa nikiyachora kwa rula masjala. Mwalimu akawaita wote waje waone. Akasema hajapata kuona mkono wa kwanza namna hii. Niliona fahari. Naomba radhi kwa fahari hiyo, ingawa bado ninayo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Dirisha namba tatu. Nilitoa kadi yangu kwa mbwembwe kidogo. Binti akaandika, akaandika, akasimama. Akasema kadi ni sawa mzee, ila mfumo umekwama: mwanafunzi wa chuo cha ufundi lazima asainiwe na mzazi.

Nikamweleza kwamba wazazi wangu wametangulia mbele ya haki zamani. Akasema pole sana. Akauliza hawakuacha hata mjomba? Nikaomba radhi kwa kuwa yatima. Akahangaika na kompyuta, akaita mwenzake, wakahangaika wote. Mwishowe akasema inaruhusiwa pia mlezi, mradi awe mteja wa kampuni na aishi jirani na mwanafunzi.

Mteja wa kampuni ninayemjua ni mmoja.

Nilipita mbele ya lango la Mzee Spidi mara tatu kana kwamba nimepoteza sarafu. Mara ya nne akanifungulia mwenyewe, akauliza kama ninamkagua.

Aliisoma fomu kwa sauti, neno kwa neno, akirudi nyuma penye utamu. Kisha akamwita mkewe jikoni: mama, njoo uone, tumepata mtoto! Akasaini kwa kalamu ya wino. Palipoandikwa Maoni ya Mlezi Juu ya Tabia ya Mwanafunzi, akajaza: "Msikivu, akisimamiwa."

Aliponirudishia fomu akabaki akinitazama. Nilichelewa kuelewa. Alikuwa anasubiri shikamoo! Ni mdogo wangu kwa miaka miwili. Nilikohoa, nikaondoka.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mafundi wamekuja! Wawili, na ngazi. Kisanduku cheupe kimewekwa pale pale nilipoondoa cherehani. Kina taa nne za kijani, zinapepesa. Niliketi mbele yake kwa nusu saa kama mtu aotaye moto.

Kisha fundi mkubwa akanipa maelekezo. Kwa kuwa hiki ni kifurushi cha mwanafunzi aliye chini ya mlezi, kusoma ni huru. Video ni kwa idhini. Mlezi hupata ujumbe kwenye simu yake, akibofya NDIYO mwanafunzi anapewa dakika kumi, zikiisha anaombewa tena. Nikauliza kama mwanafunzi anaweza kujibofyia. Fundi akasema ndiyo maana wameweka idhini, mzee. Wanafunzi wajanja sana.

Saa kumi Mzee Spidi akaingia bila kubisha. Simu mkononi, miwani puani. Akauliza kazi za chuo nimemaliza?

Nilikuwa nimemaliza.

Nimemwandalia masharti ya kesho, kwa unyenyekevu: aje, abofye, lakini aketi nyuma ya pazia la chumbani, asionekane. Akasema hana neno. Yeye anataka mema tu kwa vijana.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Saa tisa kamili. Shati jeupe. Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji, nimeketi katikati ya kioo. Pazia likasema NDIYO. Wakatokea.

Binti yangu, na kofia ya karatasi. Mjukuu wangu, na keki puani. Picha safi, haikatiki! Nikamwimbia wimbo wa siku ya kuzaliwa mpaka mwisho. Mtoto akanisikiliza kwa heshima. Kisha akachungulia kulia kwangu, akachungulia kushoto kwangu, akauliza: "Babu wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi. Nilibaki nikiitengeneza kola.

Pazia likafunguka. Mzee Spidi akatoka na simu yake juu, uso umebadilika, sijapata kumwona hivyo. Akamwambia mtoto kwa sauti kubwa: Babu ndiye huyo! Huyo mwenye shati! Mimi si babu, mimi ni mlezi wake tu!

Binti yangu akauliza, mlezi wa nani?

Ikabidi niungame yote, kwa mpangilio, na tarehe. Furushi, chuo, kilio, fomu. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitambaa cha mtoto. Kisha akamchukua mjukuu wangu mapajani, akamwelekeza kidole taratibu: huyu ni Babu. Yule ndiye anayemlea Babu.

Mtoto akatutazama. Muda mrefu, kama hakimu. Akaninyooshea kidole mimi, uso mzima, katikati kabisa ya kioo.

"Babu."

Miwani yangu ilipata ukungu. Nadhani ni ile keki. Nilimwitikia mara tatu. Kisha kidole kikasogea kwa Mzee Spidi.

"Babu Mkubwa."

Mzee Spidi alisimama wima kama anayevishwa nishani. Papo hapo dakika kumi zikaisha, kioo kikawa cheusi. Akainua simu yake, akaishikilia juu ya kitufe, akaniuliza tunasemaje?

Nilisema tafadhali. Hadi mazungumzo yalipokwisha nilikuwa nimeisema mara nne.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Dirisha namba tatu, mapema. Nilimweleza binti kwamba nashukuru kwa huduma, ila nimeshushwa cheo katika ukoo wangu mwenyewe. Akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba mimi ni mstaafu. Wastaafu wana kifurushi chao! Bei chini ya ile ya mwanafunzi. Hapana mlezi, hapana dakika kumi. Barua ya pensheni tu.

Barua ya pensheni ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Huwa haitoki humo.

Niliishika tayari kumpa. Kisha, kwa udadisi tu, nikauliza kama mtaani kwetu yupo mwingine anayekitumia. Akatazama kompyuta. Akasema yupo mmoja, mzee fulani mstaafu wa mizani, ana mwaka wa tatu sasa.

Nikairudisha barua mfukoni. Nitanguliwe tena na mtu yule? Nimfuate nyuma kama mkia? Nikamwomba radhi binti, nikamwuliza kama kuna punguzo jingine, la watu wenye elimu zaidi. Akavuta pumzi. Akasema lipo la wanafunzi wa chuo kikuu, hilo halitaki mlezi.

Nimetoka chuo kikuu sasa hivi. Wana shahada ya miaka minne. Nitahitimu nikiwa na miaka sabini na minane, umri mzuri tu. Fomu nimechukua mbili, endapo nitaharibu moja. Ni nyepesi mno kwa karani. Kimebaki kipengele kimoja: shahidi wa tabia njema, mtu mzima, anayeniona kila siku na aliyekwisha kunisainia jambo hapo awali.

Kesho asubuhi nitambishia Mzee Spidi.