Malalamiko Dhidi ya Seli Zinazolelewa na Mke Wangu

Kwa Mkuu wa Maabara ya Seli za Ubongo,

Mheshimiwa Profesa,

YAH: KUPORWA MKE NA SELI ZA NEVA

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, ila nitakieleza zaidi.

Mimi ni fundi friji, mume wa mtaalamu wako wa kukuza seli, yule mrefu mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Tumeoana miaka kumi na tisa. Sijawahi kumwandikia bosi wa mtu. Nimejaribu kumeza, nimeshindwa, basi naomba unisikilize hoja kwa hoja.

1. Mke wangu alinieleza kazi yake, tena vizuri, na hapo ndipo mgogoro ulipoanzia. Anasema seli changa ya neva ukiiweka kwenye kijisahani, hata ukiipa sukari na chumvi zote inazotaka, hunywea ikafa. Inachokosa ni vichocheo vya ukuaji, yaani protini ndogo ndogo zinazoiambia iishi, ikue, itoe matawi. Ikivipata, hurefusha mkono kwenda kutafuta wenzake. Kwa hiyo kila baada ya siku mbili anaondoa nusu ya maji ya zamani na kuweka mapya yenye vichocheo. Nusu tu, maana akiyaondoa yote wanashtuka. Mheshimiwa, mimi mwaka huu nimeshtushwa mara nne na hakuna aliyekumbuka habari ya nusu.

2. Suala la sarufi. Shuleni tulifundishwa kwamba seli ni "hizi". Nyumbani kwangu ni "hawa". "Leo wamechangamka." "Jana walinyong'onyea kidogo." Wiki nzima nilidhani anazungumzia wanafunzi wake wa mazoezi, nikawa nawaombea.

3. Jumamosi ya mahafali ya binti yetu, aliyehitimu ufundi umeme, tulikaa safu ya tatu. Jina lake lilipokaribia kutajwa, simu ya mama yake ikatetemeka: umeme umekatika maabara, jenereta limegoma, kabati la joto zinamotunzwa seli linapoa. Akasimama. Ukumbi mzima ukadhani anasimama kumshangilia mwanawe, akina mama wakamuunga mkono kwa vigelegele, naye akatoka mbio mlangoni akisindikizwa na vigelegele hivyo hivyo. Binti akashuka jukwaani na cheti mkononi.

"Mama yuko wapi?"

"Amekwenda kwa wadogo zako," nikamjibu.

Hakucheka, Mheshimiwa. Alikunja cheti mara mbili, akatia mfukoni.

4. Nilimpigia simu mchana mmoja, akapokea bila kujua. Nikamsikia akisema, "Haya wanangu, taratibu, taratibu." Jioni, aliponiona mimi, neno la kwanza lilikuwa, "Umezima gesi?" Sasa tuhesabu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza kwamba kichwa cha mtu kina seli za neva zipatazo bilioni themanini na sita. Za kwenu kwenye vijisahani hazifiki huko hata kwa kuungaunga. Kwa wingi tu, mimi ndiye niliyestahili kubembelezwa.

5. Sikutaka kulaumu bila ushahidi, nikafanya jaribio. Nilikaa kwenye kochi siku mbili bila kumsemesha mtu, nione kama atakuja kunihudumia. Siku ya pili akaja shemeji kuazima ngazi, akanitazama, akasema, "Kaka, mbona umekuwa kama redio isiyo na betri?" Huyo ni shahidi wangu. Mke wangu aliniambia ninyanyue miguu afagie.

6. Hili la sita ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tukiwa mezani alinieleza kwamba ubongo unapoumbwa, seli huzaliwa nyingi kuliko zinazohitajika. Vichocheo havizitoshi zote. Zinazokosa hufa kimya kimya, na hakuna wa kulaumiwa, ndivyo ubongo unavyojipanga. Alilisema hilo akinipakulia, na alinipakulia kidogo.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo:

(a) Niingizwe kwenye ratiba ya kulishwa, kila baada ya siku mbili, sikukuu zikiwemo.

(b) Seli hizo zitambuliwe rasmi kuwa wanangu wa kambo, ili niwe na haki ya kuzikemea.

(c) Nipewe chupa moja ya vichocheo. Mke wangu anadai nikivinywa tumbo litavimeng'enya kama kipande cha nyama, havitafika ubongoni. Nimezoea visingizio vya watu wasiopenda kugawana.

(d) Yote yakishindikana, kabati la joto na wote waliomo wahamishiwe sebuleni kwangu. Nimeshapima, linaingia kati ya kochi na dirisha. Angalau mama yao atakuwa nyumbani.

Nisalimie mlinzi wa geti, dada wa mapokezi na wafagizi. Hata walio kwenye vijisahani wasalimie, sina ugomvi nao binafsi.

Wako ninayeendelea kunywea,

Mume wa Mtaalamu

TANBIHI: Barua hii nilikuja kuileta mwenyewe Jumanne ya wiki iliyopita, nikasahau kuikabidhi. Nilimkuta mke wangu amelikumbatia kabati la joto, feni yake imekufa. Hakuniuliza nimefuata nini. Alisema, "Mume wangu, afadhali umekuja," akanishikia tochi dakika arobaini nikitengeneza, mpaka feni ikazunguka. Kisha akanivuta mkono kwenye darubini. Nilimwona mmoja ametoa uzi mwembamba mno, unasogea, unasita, unasogea, ukamgusa jirani yake. Nikakataa kumwachia darubini.

Kwa hiyo futa (a) hadi (d). Badala yake naomba aliyebamiza mlango wa kabati Alhamisi saa tano asubuhi ajitokeze, maana wale wanahitaji utulivu. Naomba pia kitambulisho cha getini, mlinzi amechoka kuniandika kila siku.

Juzi mke wangu alinisubiri mezani mpaka chakula kikapoa, mimi nikiwa huku napima joto. Nasikia naye anakuandikia barua. Tafadhali usiifungue.