Vita vya Kisima cha El Karson

Jumatatu, 3 Juni
Ramani yangu ya Wazungu wakizingira ngome bado inaning'inia dukani. Ya kale, imechapwa kwa bamba la shaba. Mizinga, mahema, moshi. Hakuna anayeitaka! Jirani yangu Gelle, fundi fremu kama mimi, aya zake za Kurani za dhahabu hazikai ukutani siku mbili. Caro, mke wangu, anasema watu wa Garissa hawana haja na vita vya wengine. Kweli. Basi niwape vyao.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwangua jina la ngome kwa wembe. Nimeandika El Karson, kisima nilichowasikia wachunga ngamia wakikitaja sokoni. Jina tamu.

Jumatano, 5 Juni
Salad, mfanyabiashara wa ngamia, ameganda mbele ya ramani. El Karson ni kisima cha ukoo wake! Akauliza wenye mahema ni nani. Mteja haachwi bila jibu. Nikasema watu wa ng'ambo ya laga, ule mto mkavu. Ameinunua bila kubishana bei, Gelle akishuhudia. Raha iliyoje!

Ijumaa, 7 Juni
Salad ameionyesha kisimani baada ya swala. Watu wa ng'ambo wamezuiwa kunywesha mifugo. Tangu enzi za mababu walinywesha pamoja.

Jumapili, 9 Juni
Risasi kisimani. Abdow, mdogo wake Salad, amepigwa tumboni, yuko hospitali hapa mjini. Nimemwambia Caro yote. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Amesema niende kwa wazee kabla hajazikwa mtu.

Jumatatu, 10 Juni
Nimekwenda. Nimesema jina niliandika mimi, na vita ni vya Ulaya. Mzee Yarrow, msemaji wa ukoo, akaniambia nihesabu mababu zangu. Nikakwama kwa wa tatu. Akasema basi nisimfundishe vita vya babu yake. Ameshaanza kuvikumbuka, na nani alifia wapi! Salad amesema wallahi nimehongwa na ng'ambo. Wamenifukuza. Abdow amefariki wakati wa magharibi. Nimelia njiani mbele za watu.

Ijumaa, 14 Juni
Koo zimepatana. Ngamia wa fidia ya damu watatolewa. Ramani bado iko kwa Salad, haiguswi. Caro hasemi nami. Nimewaza sana, na kosa langu nimeliona: kisima kina wenyewe. Malisho je? Malisho ni ya Mungu, hayana mwenyewe. Nina ramani nyingine, uwanda mpana na askari wengi. Kesho naiandikia jina.